Pasi Fupi za Parfait

Watu wa kanisa letu hapa Turffontein, Johannesburg, wakikusimulia habari za mdogo wangu Parfait, wataanza na ushuhuda wake. Waache. Mimi Léocadie ndiye niliyembeba mgongoni kule Bukavu mama alipokuwa sokoni, kwa hiyo nitaanza ninapotaka mimi, na ninaanza na funguo.

Mwaka 2015 Parfait alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la fleti huko Randburg. Mpangaji mmoja, Mkenya anayeitwa Ngugi, mtu wa benki, tai shingoni hata Jumamosi, alifika kwenye gari lake akakumbuka kwamba funguo ameziacha kwenye kibanda cha walinzi, upande wa pili kabisa wa maegesho. Akapiga kelele. Parfait akasimama mlangoni, akatazama, akarusha. Funguo zikapita katikati ya vibarua wawili waliokuwa wanashusha friji, zikatua kiganjani mwa Ngugi bila yeye kusogeza mkono. Ngugi hakupanda gari. Alirudi kwa miguu hadi kibandani. "Bana, umejifunza wapi kurusha hivi?" Mdogo wangu alidhani anagombezwa, akaanza kuomba msamaha.

Huyo Ngugi alikuwa amesoma Marekani, akarudi na ugonjwa wa futiboli yao, ile ya mpira wenye umbo la yai, wachezaji wamevaa kofia ngumu kama mafundi wa mgodi. Alikuwa ameunda timu hapa Johannesburg, wakajiita Nyati: makarani, wanafunzi, muuza nyama mmoja, wanacheza Jumamosi kwenye kiwanja cha raga cha kukodi. Watu wa kukimbia walikuwa nao, watu wa kusukumana walikuwa nao. Hawakuwa na kwotabeki, yaani yule anayesimama nyuma na kutupa mpira. Basi wakamchukua ndugu yangu kutoka getini.

Mimi nilifoka. Ndiyo, nilifoka! Nikamwambia: "Wewe umevuka nchi zote hizi ukikimbia watu wanaotaka kukuvunja, ukafika hapa ukawafuata wengine kwa hiari yako?" Akacheka. Parfait alikuwa anacheka kwa bega, bega la kushoto linapanda peke yake. "Yaya, ngoja nikuonyeshe." Kwetu yaya ni dada mkubwa, na akiniita hivyo kwa sauti ile nilikuwa nalainika, mjinga mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Akachukua vifungo vyangu, akavipanga juu ya meza ya kukatia, vyeupe watu wake, vyeusi wapinzani. "Watu wanadhani kazi yangu ni kutupa mbali," akasema. "Kutupa mbali ni kutafuta sifa. Kazi yangu ni kutupa karibu, kwa mtu aliyeachwa peke yake, pasi ambayo hata wewe ungeidaka." Akaweka kidole kwenye vifungo vya nyuma kabisa. "Kabla mpira haujaanza nawatazama hawa. Akiwa mmoja katikati, mara nyingi kila mtu amepewa mtu wake wa kumkaba. Wakiwa wawili, wamegawana uwanja. Halafu huyu wa pembeni. Unaona amesimama mbali na mkimbiaji wangu? Anaogopa kupitwa. Basi mkimbiaji wangu anakwenda kidogo tu, anageuka, mpira uko kifuani."

"Na huyu wa katikati?" nikauliza, maana kifungo kile kilikuwa kimeniudhi, kimekaa tu.

"Huyo ndiye ninayemsoma. Mmoja, basi. Akinijia mbio, ameacha pengo nyuma yake, natupa pale alipotoka. Akirudi nyuma, natupa mbele yake. Yeye ndiye anayeniamulia, mimi namtii tu. Lakini simtazami, yaya. Nikimtazama atajua. Namwona kwa pembeni ya jicho."

Nikaupenda mchezo ule, sina la kuficha. Nikawa nafunga kibanda changu cha kushonea, kile cha mbele ya nyumba, Jumamosi mchana, napanda teksi kwenda kumwona. Wale wanaume wakubwa wanamjia kama ng'ombe waliokata kamba, na yeye ametulia, anatupa kapasi kafupi, kengine, kengine, timu inasogea mbele pole pole hadi mwisho wa kiwanja. Wapinzani walikuwa wanakasirika kweli. Hakuna kinachomkera mwanamume kama kushindwa kwa vitu vidogo.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mke wa Ngugi, Kawira, aliwapima macho wachezaji wote. Ana duka dogo la miwani huko Kensington. Wote walipita, Parfait akaambiwa arudi na mtu wa familia. Tukaenda. Kawira hakuzunguka. Akasema ni presha ya macho. "Haiumi, na hapo ndipo ubaya wake. Inakula pembeni kwanza. Ubongo unaziba pengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mwenyewe hajui kwamba haoni. Kilicholiwa hakirudi, kaka. Kilichobaki tunakilinda kwa dawa ya matone, kila jioni, maisha yako yote. Ukiacha, utakuwa kipofu."

Mimi na Parfait tukatazamana. Baba yetu alikufa kipofu. Tulimlaumu baba mdogo kwa uchawi, tukamfukuza msibani, na huyu mama wa Kikenya anasema ni ugonjwa tu, unatembea katika damu.

Hospitali ya serikali ikathibitisha, ikampa matone. Chumba chake hakikuwa na friji, kwa hiyo dawa ikakaa kwangu. Kila jioni akitoka kazini alipitia kibandani, analaza kichwa kwenye kiti cha wateja, namdondoshea mimi mwenyewe, jicho hili, jicho lile. Tulizoea. Tulikuwa tunasengenya watu hapo hapo, amefumba macho, machozi ya dawa yanamtiririka mashavuni, anacheka kwa bega. Kama nina siku ninazozililia, ni zile.

Mwaka 2017 Kawira akampima tena. Akafurahi. "Presha imeshuka, iko kawaida kabisa. Endelea hivyo hivyo." Ndugu yangu alisikia nusu ya kwanza. Ile ya pili sijui aliisikilizia wapi.

Jumapili akasimama kanisani. Kama hujasali na Wakongo hujui ushuhuda ni nini. Ngoma zikanyamaza, kinanda kikabaki kinalia chini chini, na Parfait akashika kipaza sauti. "Bwana asifiwe! Baba yangu alikufa kipofu. Mimi niliambiwa dawa ni kila siku hadi kufa. Juzi mpimaji mwenyewe amesema kawaida kabisa!" Jamani, watu waliruka. Mama Thérèse, mjane anayeuza samaki wakavu, alivua kitenge chake akamfunika nacho mabegani. Wanawake walilia. Pasta Jacques alipiga magoti.

Sasa nielewe vizuri. Hakuna aliyemwambia aache dawa. Pasta hakusema, siwezi kumsingizia. Haihitaji kusemwa. Kwetu ushuhuda ukishautoa si wako tena, ni mali ya kanisa, watu wanaulalia na kuuamkia. Umesema Mungu amekuponya, kisha jioni unalaza kichwa utiwe dawa? Basi mmoja wenu ni mwongo, na haiwezi kuwa Mungu. Jumatatu niliweka kiti tayari. Hakuja. Jumanne hakuja.

Nikamfuata chumbani kwake. "Parfait, dawa ndiyo iliyoshusha presha!"

"Na dawa aliiumba nani?"

"Basi itumie, si aliiumba yeye?"

"Yaya, nikitia matone leo, Jumapili nilidanganya madhabahuni. Unataka nimrudie Mama Thérèse nimwambie nini?"

"Mwambie amevaa kitenge kizuri! Ala! Macho ni ya Mama Thérèse?"

Akaninyamazia. Mtu akigombana nawe kuna matumaini, akikunyamazia upole upole, akikuhurumia kwa imani yako ndogo, umekwisha. Nilitamani kumzaba kofi, mtu mzima yule.

Nilijaribu vingine. Alikuja kula kwangu Jumapili moja, akashiba fufu, akajinyosha kwenye zulia akasinzia. Nikatoa dawa kwenye friji. Nikapiga magoti kando yake, nikamfungua kope kwa kidole kama nilivyokuwa nikimfanyia utotoni macho yakiganda. Tone la kwanza likaingia. La pili likampata ameamka. Aliniangalia kwa namna ambayo adui yangu asiangaliwe. Hakupiga kelele. Akavaa viatu, akasema, "Asante kwa chakula," akatoka. Toka hapo hakukanyaga tena kwangu, na habari zake nikawa nazipata kanisani kama mtu baki.

Lakini Jumamosi nilikuwa naenda kiwanjani, hilo hakuweza kunizuia. Na hapo ndipo nilipotaka kurukwa na akili, kwa sababu alikuwa anacheza vizuri! Pasi fupi, pasi fupi, zote zinadakwa. Watu wa Nyati wanaimba jina lake. Ikawa ushuhuda wa pili: kipofu gani anatupa hivi? Nilimwendea Ngugi pembeni ya kiwanja.

"Ngugi, huyu haoni upande wa kushoto. Nimesimama pale nampungia kitambaa chekundu, hageuki."

"Mama Léo, ako makini na mchezo."

"Nakwambia haoni. Anakumbuka. Timu hizi mnacheza nazo mwaka baada ya mwaka, yule wa katikati huwa anakimbilia mbele, kwa hiyo Parfait anatupa pale anapojua pamebaki wazi. Yeye hamsomi tena yule mtu. Amemkariri."

Ngugi akacheka, si kwa dharau, ni mtu mzuri. "Mtu akikariri hivyo si ndio bora zaidi?" Kawira alikuwa amejifungua, yuko kwao Meru, hakuwepo wa kunisaidia. Nikarudi nyumbani. Ule ujuzi wake ndio uliokuwa unamficha, unanielewa? Angekuwa mtupaji mbovu tungejua mapema.

Mwaka 2018, wakati wa baridi, wakaja wageni kutoka Pretoria. Timu mpya. Mtu wao wa katikati alikuwa Mzulu mwembamba, mjanja sijaona. Kabla mpira haujaanza anasogea mbele, anachuchumaa, unaapa kwamba anakuja. Mpira ukianza, anarudi nyuma taratibu na kusimama pale pale kwenye pengo. Hata mimi fundi cherehani nilimwona. Parfait akatupa kwenye pengo. Mzulu akadaka, akakimbia nao. Wakaanza tena. Yule mtu akachuchumaa, akarudi, akangoja. Parfait akatupa pale pale, kifuani kwake kabisa, pasi safi, pasi ambayo hata mimi ningeidaka. Watu wakaanza kuzomea. Mara ya tatu mchezaji mwenzake mmoja akavua kofia akaibamiza chini, akapiga kelele kwamba Parfait amenunuliwa.

Amenunuliwa! Ndugu yangu! Nilikuwa nimeshavuka mstari naingia kiwanjani kumfuata yule mpumbavu nilipoona mpira umeanza tena na mpinzani mmoja anamjia Parfait kutoka kushoto. Jitu zima, linakimbia wazi wazi juani, halikujificha. Kiwanja kizima kinamwona. Parfait amesimama wima, mkono juu, uso umetulia kama mtu anayesubiri robot, taa ya barabarani, igeuke kijani. Hakujikunja hata kidogo. Nikasikia mfupa.

Ulikuwa mfupa wa bega, ule ukapona. Kawira aliporudi alimpima, na alipomaliza akazima mashine. Jicho la kushoto limekwenda. La kulia limebaki tundu, kama kuangalia dunia kwa kupitia mrija. "Hilo tundu bado linaweza kulindwa," akasema. "Lakini ni sasa, kaka. Si mwezi ujao."

Unadhani alianza? Aliniambia tukiwa ndani ya teksi, kwa sauti ya chini, kwamba Mama Thérèse ana kisukari, na toka ule ushuhuda ameacha vidonge. "Amesimama juu ya neno langu, yaya. Nikilivuta, ataangukia wapi?"

"Ataangukia kwenye vidonge vyake! Hapo ndipo pa kuangukia!"

Dereva akatugeukia kwenye kioo. Sikujali.

Kazi ikaisha. Mtu alipita getini kwa miguu upande wa kushoto, akaingia, akaiba, na kamera ikaonyesha amepita karibu na Parfait kiasi cha kumgusa. Akahamia kwangu. Anajikwaa kwenye beseni lile lile kila asubuhi na kila asubuhi analiomba radhi akidhani ni mtu. Ngugi alikuja kumtembelea, akakaa kwenye kiti cha wateja, mtu na tai yake, akalia kama mtoto, na Parfait ndiye aliyembembeleza.

Mapema mwaka 2019 nikamkamata siku moja hana pa kukimbilia. Tulikuwa tunachambua maharage. Nikamwambia sitaki kelele, nataka kujibiwa. Huo mrija unaona nini? Akasema: "Nikikuelekea sawasawa, naona pua yako na mdomo." Nikamwomba anitunzie hivyo viwili. Hapo ndipo alipovunjika. Alilia, maharage yakamwagika. Akaahidi, kwa jina la mama yetu, kwamba atasimama kanisani aseme ukweli: aliacha dawa, hajapona, kila mtu mwenye vidonge arudi avimeze. Na jioni ya siku hiyo hiyo atalaza kichwa kwenye kiti. Nilikwenda hospitali nikapanga foleni, nikapata matone mapya.

Jumapili ikafika. Nilimpigia pasi shati la bluu. Kanisa lilikuwa limejaa, kulikuwa na wageni kutoka Lubumbashi, na Pasta Jacques, bila kujua lolote, akawaambia wageni: "Hapa kwetu tuna mtu ambaye Mungu alimrudishia macho. Papa Parfait, njoo!" Kwetu papa ni baba, jina la heshima. Kinanda kikaanza. Nikamshika kiwiko, nikamsogeza hadi mbele, nikamwekea kipaza sauti mkononi. Nikabaki pale pale, kushoto kwake, nimeshikilia nguzo, kwa sababu nilijua akishasema atahitaji mtu wa kumtoa.

"Bwana asifiwe," akasema. Wakaitikia. Nilisikia anavyopumua. Sema, papa, nikaomba moyoni, sema tu.

Kutoka benchi la tatu Mama Thérèse akapaza sauti, amefunga mguu bendeji nene hadi kwenye kigimbi: "Waambie, mwanangu! Waambie unavyoona!"

Na ndugu yangu akainua uso. Nikaona bega la kushoto linatulia, namna lilivyokuwa linatulia kabla ya kutupa, na nikajua anachotaka kufanya. Kanisani kwetu kila mtu ana mahali pake, ukikalia mahali pa mtu utaambiwa. "Wageni mnataka kujua ninavyoona?" akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri, imara. "Mama Thérèse ninamwona pale, benchi la tatu. Nyuma yake Mama Falonne na watoto. Papa Exaucé kwenye ngoma. Mama Jeannine karibu na dirisha." Kila jina linapigiwa makofi. Anaelekeza mkono, hakosi. Wageni wamesimama. "Na dada yangu Léocadie, yaya aliyenilea, yule pale mwisho wa benchi la wanawake, karibu na mlango. Namwona anavyolia kwa furaha."

Watu wakageuka. Mwisho wa benchi palikuwa na mkoba wangu. Kisha wakageuka tena wote mbele, wakaniona mimi, kando yake, naweza kumgusa. Ikawa kimya. Nikafikiri, haya, limetoka, Mungu amelitoa mwenyewe, sasa wameona.

"Amina!" Mama Thérèse akasema.

"Amina," wakaitikia wote, wakaniangalia, na Exaucé akapiga ngoma.

Nilimshika Parfait mkono. Aliisikia ile kimya, yeye si mjinga, maisha yake yote alikuwa akiwasoma watu. Akainamisha kichwa sikioni kwangu, wengine wanaimba, akaniuliza, "Yaya, nimemkosa nani?"

"Mimi," nikamwambia.